Simu sita kwenye rafu ya sahani

Nianze na gunia la vitunguu maanake ndilo lililonifanya niandike haya yote. Tuna apu yetu ndogo, wenye vioski na mama mboga wanaitisha mzigo kutoka soko la Kongowea bila kurauka wenyewe alfajiri, unachagua vitunguu, viazi, nyanya, unabonyeza Tuma Oda, tuktuk inakuletea mlangoni. Sasa asubuhi moja mama mteja wetu wa Bamburi akanipigia simu, wala hakuwa na hasira, ni sauti ya mtu aliyechoka tu. "Mwanangu, mi nliitisha gunia moja la vitunguu. Yameletwa mawili. Hili la pili ntalipeleka wapi na jua hili?"

Nkamwambia shangazi tuwie radhi, kijana yuaja kulichukua sasa hivi. Alafu nkafungua kompyuta kuangalia kilichotokea, na pale kwenye rekodi za testi zetu, yaani majaribio ambayo mashine inaipitishia apu yenyewe, nkaona kitu ambacho kimenikaa moyoni mpaka leo. Simu namba 4, moja ya simu tunazopimia apu, ilikuwa imeshatwambia. Siku 11 kabla ya huyo mama kupiga. Testi ya kutuma oda ilifeli kwenye hio simu, ikaandika wazi kabisa kwamba ilitarajia oda 1 ikakuta 2, na sisi tukaiacha mashine irudie, ikarudia, ikapita, ikawa kijani, tukaendelea na mambo yetu.

Ndo maana nataka kueleza kwa urefu vile tuliweka testi zijiendeshe zenyewe kwenye simu za kweli hapa Mombasa, na yale tuliyopitia, kwa sababu mengi sikuyasoma popote, nliyajua kwa kuungua.

Sisi ni watu wanne, chumba kimoja ghorofani huku Tudor, feni mbili. Mwanzo tulikuwa tunapima apu kwa emuleta, yaani ile simu ya bandia inayoishi ndani ya laptopu, na kila mtu akipushi kodi, yaani akituma mabadiliko aliyoandika kwenye programu, basi seva inaijenga apu na kuipitisha kwenye testi bila mtu kushika kitu. Kijani tupu kila siku. Tulifurahi sana. Lakini emuleta yetu ilikuwa inatumia memori ya laptopu ya developa, prosesa ya kompyuta, diski kubwa na intaneti ya ofisi, na mteja wetu ana simu ya memori ya giga 1, nafasi ya giga 8 ambayo nusu imejaa picha na video za harusi, na bandali ya data inayoisha saa sita usiku. Google walitoa toleo la Go la Android mwaka 2017 kwa ajili ya simu za aina hio hio, memori giga 1 kushuka, na zile ndo zimejaa mikononi mwa watu Kongowea. Emuleta haikuwa inamwakilisha mtu yeyote tunayemuuzia.

Pigo la kwanza lilikuja tulipoongeza maktaba, yaani kipande cha programu kilicho tayari, ya kusoma msimbo wa pau kwenye bidhaa. Kwenye emuleta safi, kwenye simu zetu sisi wenyewe safi, tukaitoa kwa wateja. Siku hio hio wateja wakaanza kusema apu inafunguka na kujifunga. Kumbe ile maktaba tulikuwa tumeipakia toleo la biti 64 peke yake, na simu nyingi za bei nafuu hata kama chipu ndani ni ya biti 64 mfumo wake unaendeshwa kwa biti 32, kwa hivo ikitafuta kipande chake haikioni, inatupa kosa la UnsatisfiedLinkError na kufa. Google Play walianza kudai apu ziwe na biti 64 tangu Agosti 2019, na sisi kwa kukimbilia hilo tukasahau 32. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Ila watu walishaifuta apu, na mtu akishafuta apu yako kurudi si rahisi.

Tukakaa tukajadili. Kuna huduma za kukodi simu za kweli kwa mtandao, na ni huduma nzuri, sisemi vibaya. AWS Device Farm kwa mfano wanatoza senti 17 za dola kwa kila dakika ya simu moja. Sasa piga hesabu, simu 6, testi zetu zilikuwa zinachukua dakika 20, hizo ni dakika 120, dola 20 na senti 40 kwa mzunguko mmoja, na sisi twapushi kodi mara kumi kwa siku. Kuna malipo ya mwezi pia lakini hata hayo kwa dola ni mengi kwa ofisi yetu, na kilichonishinda zaidi ni kwamba simu ninazozitaka mimi, zile za mama wa Kongowea, hazikuwa kwenye orodha ninayoiona. Ndo tukasema tujijengee wenyewe.

Kuchagua simu nliifanya kwa njia mbili. Ya kwanza, seva yetu ilikuwa inarekodi aina ya simu na toleo la Android la kila mteja, kwa hivo nkachambua nkaona zipi zimezidi. Ya pili, nkaenda Kongowea saa kumi na moja asubuhi nkakaa na mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi, nkawa naangalia tu watu wanatoa simu gani mfukoni na wanazishika vipi. Wengi wamekuza maandishi. Wengi skrini imepasuka. Wengine wanabonyeza kwa kidole chenye maji ya nyanya. Hayo ya pili yalinifundisha kuliko yale ya kwanza, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba neno letu "Thibitisha oda yako" kwa maandishi makubwa linakatika, na kitufe chenyewe kinasukumwa chini kinajificha nyuma ya kibodi. Kiswahili kina maneno marefu na tulikuwa tumechora skrini tukiwa na Kiingereza kichwani. Sasa hivi testi zote zinaanza kwa kuweka lugha ya Kiswahili na kukuza maandishi mpaka 1.3, huko kukuza ni amri moja tu ya adb, ile programu ya kuiamuru simu kutoka kwa kompyuta.

Tukanunua simu 6 za mitumba, mbili za giga 1, tatu za katikati, moja nzuri kidogo. Tukanunua kompyuta ndogo ya mezani tukaiwekea Ubuntu, habu ya USB yenye matundu 10, na rafu ya plastiki ya kukaushia sahani kutoka Marikiti. Hio rafu ya sahani nliikuta kwa bahati ila ndo kitu bora tulichonunua, simu inasimama wima kwenye mwanya wa sahani, hewa inapita pande zote, waya zinashuka chini, kila mwanya nkaubandika namba kwa kalamu ya maki. 1 mpaka 6.

Siku ya kwanza nkachomeka zote, nkaandika adb devices, nkategemea kuona sita. Nkaona nne. Mbili ziko sawa, moja imeandikwa unauthorized, moja offline, na mbili hazipo kabisa kama vile hazijawahi kuzaliwa. Nlipoteza siku mbili hapo nkihangaika na madereva ya USB na sheria za udev, zile za Linux za kutambua vifaa, kumbe zile mbili ambazo hazionekani waya zake ni za kuchajia tu, ndani hazina nyuzi za data. Waya kwa nje zafanana kabisa. Ukitaka ushauri wangu, nunua waya zote pamoja, aina moja, fupi, jaribu kila moja kabla hujaifunga, na ile ya kuchaji tu itupe kabisa usiiweke kwenye droo maanake siku moja mtu ataichukua. Ile offline ilikuwa ni umeme. Habu yangu ya kwanza haikuwa na adapta yake, ilikuwa inanyonya kutoka kwa kompyuta, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, sasa hizo 500 umezigawia simu sita zenye skrini zimewaka na waifai inafanya kazi, hakuna inayoshiba. Simu zilikuwa zimechomekwa na bado chaji inashuka mpaka zinazima usiku. Tukabadilisha tukachukua habu yenye adapta yake na lile tatizo likaisha.

Unauthorized ni jambo jingine. Tangu Android 4.2.2 simu inakuuliza kama unaiamini kompyuta hii, unabonyeza kubali, weka tiki ya daima, basi. Nlidhani daima ni daima. Idi tukafunga ofisi tukaunganisha na likizo, siku 9, tukachomoa kila kitu. Kurudi, zile simu mbili zenye Android 11 zimegoma. Kuanzia Android 11 ruhusa hio inajifuta yenyewe kama kompyuta haijaungana na simu kwa siku 7, na kuna swichi ya kuzuia hilo ndani ya mipangilio ya developa, inabidi uende uizime kwa mkono. Kitu kidogo lakini kama uko Mtwapa na simu ziko Tudor basi ni safari.

Upande wa programu wala haukuwa mgumu vile watu wanavodhani. Tunatumia GitLab, mahali pa kuwekea kodi, na kile kiprogramu chao cha GitLab Runner, sisi twakiita runa, unakiweka kwenye hio kompyuta ya rafu, chenyewe ndo kinaenda kuuliza seva kama kuna kazi. Hili nalipenda sana maanake huhitaji anwani ya intaneti ya kudumu wala kufungua mlango wowote kwenye rauta, hata intaneti ya nyumbani yatosha. Kodi ikipushiwa, bildi, yaani apu iliyo tayari kuwekwa, inajengwa, runa inaichukua, inafuta apu ya zamani kwenye simu, inaweka mpya, inaendesha testi, inarudisha majibu pamoja na picha za skrini na logi ya simu, yaani rekodi ya yaliyotokea ndani yake. Hizo picha na logi usiziache hata kidogo, testi iliyofeli bila picha ni kama mgonjwa anayesema naumwa na haonyeshi wapi.

Wiki ya pili tukagundua watu wawili wakipushi kwa pamoja, runa inaendesha kazi mbili kwenye simu ile ile, ya pili inafuta apu ya kwanza katikati ya testi. Tukaweka kufuli kwa kila simu kwa amri ya flock ya Linux. Mistari mitatu.

Sasa simu yenyewe ni kitu chenye maisha yake, hapo ndo emuleta na simu ya kweli zinapoachana njia. Skrini inajifunga, kwa hivo ondoa kufuli kabisa na washa ile ya kubaki macho wakati inachaji. Miondoko ya skrini inachelewesha vitufe na testi inabonyeza hewani, kwa hivo zima zile skeli tatu za animesheni, weka 0 zote. Apdeti ya mfumo inashuka usiku inafunika skrini. Kibodi inajitokeza na salamu zake za karibu. Na kama umeweka laini ya simu, zinakuja zile jumbe za matangazo zinazotokea katikati ya skrini na kitufe cha sawa, testi yako inatafuta kitufe cha Tuma Oda inakuta ofa ya bandali. Tulitoa laini kwenye simu nne, tukaacha mbili tu kwa ajili ya kupima malipo, na hizo mbili tukaandikia kipande cha UI Automator, chombo cha testi kinachogusa skrini yote, kinachofunga kiwambo chochote ambacho si chetu, maanake Espresso, chombo tunachoandikia testi za apu, yenyewe haiwezi kugusa kitu nje ya apu yako. Malipo twapima kwa mazingira ya majaribio ya Daraja, ile njia ya Safaricom ya kuunganisha apu na M-Pesa, tunataka kuona apu inarudi vipi baada ya kile kiwambo cha kuweka PIN kutokea juu yake.

Halafu joto. Hapa niwe mkweli, hakuna mwongozo wowote nliousoma ulioandikwa na mtu anayekaa Mombasa mwezi wa tatu. Kaskazi inaisha, upepo umesimama, nje nyuzi 33, chumba chetu ghorofa ya juu chini ya bati, feni tunazizima jioni tunapotoka, na simu sita ziko kwenye chaji masaa 24, zimejaa asilimia 100 kila wakati. Asubuhi moja nliingia nkaona simu namba 2 haijasimama sawa kwenye mwanya wake, imebana. Nkaivuta ikawa ngumu kutoka. Kuigeuza, kifuniko cha nyuma kimeinuka upande mmoja, waweza kupitisha ukucha, na kioo cha mbele kimeanza kuachana na fremu. Nkaiweka kwenye sinia ya chuma nkaipeleka kwa fundi wa simu Mwembe Tayari. Akaitazama hata hajaishika. "Dada, hii betri imefura. Usiichaji tena, na usiibonyeze." Nkamwambia imekaa tu kwenye chaji, haijaanguka. Akasema ndo hivo hivo, hio ndo iliyoiua, betri ya lithiamu ukiijaza ukaiacha kwenye joto wiki kwa wiki inazalisha gesi ndani. Aliisema kwa upole tu lakini mi nliona haya, maanake hilo rafu liko mita moja na nusu kutoka kwa meza ya mwenzangu na usiku hakuna mtu.

Jioni hio hio nkaandika skripti, programu fupi ya kujiendesha. Amri ya adb shell dumpsys battery inakupa asilimia ya chaji na joto la betri, joto linakuja kwa sehemu za kumi za nyuzi, yaani ukiona 312 ni nyuzi 31.2. Namba 5 ilinionyesha 437. Nyuzi 43.7 na haikuwa inafanya kazi yoyote, imekaa tu! Sasa mpango wetu ni huu: habu tuliyonayo inakubali kuzimwa tundu moja moja kwa programu inaitwa uhubctl, si habu zote zinakubali hilo kwa hivo uliza kabla hujanunua, na skripti inakata umeme wa simu ikifika asilimia 70 na kuurudisha ikishuka 35, au kazi ya testi ikija. Simu ikipita nyuzi 42 haipewi kazi, inaachwa ipoe na mimi napata ujumbe. Feni ndogo ya rafu haizimwi kabisa. Na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, kijana wetu anapitisha kidole nyuma ya kila simu kuhisi kama kuna iliyoinuka. Skripti haiwezi kuona betri iliyofura. Kidole kinaona.

Na kuna chumvi. Tudor tuko karibu na maji, matundu ya chaji baada ya miezi kadhaa yanapiga kijani ndani, simu inaanza kuungana na kuachana, kwenye logi unaona tu kifaa kimepotea. Fundi alinionyesha kusugua kwa mswaki laini na spiriti, simu ikiwa imezimwa. Twafanya hivo kila mwezi.

Stima ikipotea nayo ina adabu yake. Zamani ikipotea usiku tulikuwa tunakuta asubuhi kompyuta imezimika inangoja mtu aje aiwashe. Ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka, kuna mahali unaiambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Baadae tukaongeza UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, si ya kuendesha masaa, ni ya kubeba zile dakika chache za stima kuja na kwenda. Na ikirudi, skripti inaua adb na kuiwasha upya, inahesabu simu, zikiwa chini ya idadi inayotakiwa haianzi testi yoyote. Hili la mwisho ni muhimu sana, nlichelewa kulielewa: testi iliyofeli kwa sababu simu haikuwepo isiandikwe nyekundu kama kosa la kodi. Tuliipa rangi yake, njano, na njano ni kazi yangu mimi mwenye rafu, nyekundu ni kazi ya aliyepushi.

Kwa nini nasisitiza rangi? Turudi kwenye vitunguu. Ile miezi ya mwanzo, kabla ya hayo yote ya waya na joto na stima kukaa sawa, rafu letu lilikuwa linalia nyekundu kila siku bila sababu. Testi zikawa kigeugeu, leo zinapita kesho zinafeli na hakuna kilichobadilika. Watu wakachoka. Mwenzangu akasema tuweke runa irudie mara 2 kabla ya kukata tamaa, GitLab wanaruhusu hivo, na mi nkakubali kwa mkono wangu mwenyewe. Tukapumua. Kila kitu kikawa kijani tena. Na baada ya muda ukisikia namba 4 imefeli mtu anasema tu, ah, namba 4 hio, iache, ni simu mbovu.

Namba 4 haikuwa mbovu. Namba 4 ni moja ya zile mbili za giga 1, ya taratibu kuliko zote, na kwa sababu ni ya taratibu ilikuwa inafanya kitu ambacho hizi nyingine zilikuwa hazina nafasi ya kufanya. Apu yetu ilikuwa ikituma oda inangoja jibu sekunde 10, lisipokuja inatuma tena. Kwenye namba 4 na mtandao ukiwa mzito, zile salamu za usalama kati ya simu na seva peke yake zinakula sekunde kadhaa, oda inafika, seva inaiandika, jibu liko njiani, sekunde 10 zimeisha, apu inatuma nyingine. Oda mbili. Ukirudia testi mtandao umetulia, inapita. Kwa hivo kila tuliporudia tulikuwa tunaifuta dalili ya ugonjwa wa kweli, na huyo mama wa Bamburi ana simu kama namba 4.

Mwenzangu hakuamini mpaka alipoichukua namba 4 yenyewe, akaitia laini, akapanda feri ya Likoni kwenda na kurudi akituma oda za majaribio, pale katikati ya kivuko ambapo simu inaachana na mnara wa huku na kutafuta wa kule. Alituma 20. Tatu zikawa mbili mbili. Alirudi ofisini kimya, akaweka simu kwenye mwanya wake, akasema "hio kurudia tuitoe leo."

Tukaitoa. Na kosa lenyewe tukalirekebisha hivi: simu inapounda oda inaipa namba yake ya kipekee kabla haijaituma popote, ikituma mara ya pili inatuma na namba ile ile, seva ikiiona namba inayoijua haiandiki oda mpya, inarudisha jibu la ile ya kwanza. Alafu tukaandika testi ya makusudi. Inabonyeza Tuma Oda, papo hapo inazima waifai ya simu kwa amri ya svc wifi disable, amri inapita kwa waya wa USB kwa hivo mawasiliano na kompyuta hayakatiki, inangoja sekunde 12, inawasha, alafu inaenda kuhesabu kwenye seva. Lazima iwe 1. Inaendeshwa kwenye simu zote kila kodi ikipushiwa, na kwa hio testi moja sina mjadala na mtu.

Sasa testi ikifeli hakuna anayerudia kabla hajafungua picha na logi na kuandika sentensi moja ya kilichotokea. Ikiwa kweli ni kigeugeu tunaitoa kwenye zile zinazozuia kodi kuingia, tunaiweka pembeni na jina la mtu atakayeitibu, na ikikaa pembeni wiki mbili tunaifuta kabisa. Tulikuwa na testi 140, tumebaki na 61. Mzunguko umeshuka kutoka dakika 20 mpaka 9. Wa kwanza kulalamika tulipofuta ni mimi, maanake nyingi nliziandika mimi.

Mama wa Bamburi bado ni mteja wetu, namshukuru Mungu kwa hilo. Mwezi uliopita alinunua simu mpya, nkamuomba atuuzie ile ya zamani. Akanicheka. "Sasa we mwanangu wataka nini na hii, haishiki hata chaji?" Nkamwambia hio ndo naitaka. Tukahamisha picha zake za wajukuu kwenye simu mpya mbele yake, moja moja mpaka akaridhika, alafu tukaifuta yote tukaianzisha upya. Fundi akaiwekea betri nyingine. Ina ufa kutoka kona ya juu mpaka kwenye kamera, tukaipa mwanya wa 7. Usiku wake wa kwanza kwenye rafu ilifeli testi tatu, moja ni ya kuweka apu kwenyewe, nafasi haikutosha ingawa nlikuwa nimetoka kuifuta, mfumo peke yake umekula karibu yote. Apu yetu ilikuwa na mega 48. Wiki hii ndo nashughulika kuipunguza, nimefika 31.